Dakika ya Kumi na Moja

Inawaka vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi.
Inawaka, inavuma kidogo, inanionyesha jana yangu yote,
halafu dakika ya kumi na moja, tap!
kama mtu aliyekumbuka ameacha mlango wazi.

Naandika ratiba ya mazishi ya Mzee Zablon Nyagudi,
mwendesha winchi bandarini, miaka thelathini na miwili.
Nimemzaa mara tano tangu asubuhi.
Mara tano amesoma hadi darasa la saba,
mara mbili ameoa,
na kila nikimfikisha bandarini, kabla hajashika wenzo,
giza.
Mwanawe Kefa ameketi kwenye kreti ya soda
na haulizi kitu. Afadhali angeuliza.

Nilianza na stima, kama kila mtu wa Kisumu.
Nikailaumu kampuni, nikamlaumu jirani na mashine yake ya kulehemu,
nikahamishia waya kwenye soketi ya friji.
Friji ilikuwa imenguruma pale mwaka mzima bila neno.
Kompyuta ikafa palepale.
Nikabadilisha waya. Nikaomba. Nikaipiga ubavuni
kofi moja, la heshima.

Saa tisa Awinja akaja kutoka Kondele,
bisibisi sikioni kama kalamu ya karani.
Hakufungua chochote. Akauliza:
"Ukiiwasha papo hapo, inakaa muda gani?"
Sikuwa nimehesabu.
Tukahesabu. Dakika saba. Tukarudia. Nne.
"Na ukiiacha ipumzike?"
Tukaiacha, tukanywa chai, Kefa akakataa mandazi.
Kumi na moja tena.
"Basi stima haina kosa," akasema. "Stima haijui kuhesabu."

Hata hivyo akapitia yote, ndivyo alivyofunzwa:
akaichomoa kumbukumbu, akayasugua meno yake ya dhahabu
kwa raba ya mtoto wa shule
(nikashtuka: kumbukumbu, kwa raba?)
akairudisha, haijasahau kitu.
Akafunga pawasaplai nyingine, aliyoibeba kwenye mfuko wa unga.
Tap.

Ndipo akalegeza feni,
akamulika kwa simu,
akanyamaza.

Kati ya mapezi ya aluminiamu,
pale upepo ulipopaswa kupita,
palilala mkeka wa kijivu, laini, ulioshonana.
Nikadhani vumbi. Akabandua kipande, akakipeleka mwangani.
Kilikuwa na mabawa.

Visubi wa ziwani.
Wale wanaopanda kama moshi mwezi ukiandama,
wanaoifuata balbu yangu ya mlangoni ninapochapa usiku,
maana watu hufa wiki nzima lakini huzikwa Jumamosi.
Miaka mitatu nimewafagia walioanguka sakafuni
na sikuwahi kujiuliza wengine huenda wapi.
Mashine ilikuwa inawavuta. Pumzi moja, kisubi mmoja.

Na mimi niliyeiita msaliti!
Ilikuwa inafika ukingoni mwa kuungua
na kujizima yenyewe, kimya,
isije ikaniunguzia Mzee
na faili za wote waliomtangulia.

Awinja akaipiga mswaki, akapuliza,
akafuta dawa iliyokauka juu ya prosesa kama uji wa jana,
akapaka mpya, tone la ukubwa wa punje ya mtama.
Ule mkeka akaumwaga kwenye gazeti. Ulijaa kiganja.
"Nyanya yangu angewafinyanga wakawa mkate," nikasema.
Kefa akacheka, ghafla, hadi kreti ikalia.
"Baba aliwala na chai ya rangi. Andika hilo."

Nikaandika.
Dakika ya kumi na moja vidole vyangu vilisimama vyenyewe.
Feni ikaendelea.
Ya kumi na mbili: Mzee akaingia bandarini,
akashika wenzo,
akainua gunia lake la kwanza.

Awinja alidai mia tano. Nikampa,
nikasimama kwenye kiti,
nikaifungua ile balbu ya mlangoni, bado ya moto,
nikaifunga kwenye leso.